Mshumaa wa Fundi

Fundi mwashi wa Mkumbi ana viganja vipana, na kabla ya kuingia nyumba yoyote aliyoijenga huupapasa ukuta kwanza, kama mtu anayempima mtoto homa. Kule Mbaha, ziwani, hujenga madirisha mapana. Huku milimani huweka vidirisha vya kuchungulia tu. Tena hakabidhi nyumba ya milimani mpaka afunge mlango na vidirisha vyote, awashe mshumaa katikati ya chumba, angoje. Mwali usipotikisika, baridi haina pa kupenyea, naye hucheka peke yake. Ndivyo alivyocheka siku alipomkabidhi Kunigunda nyumba yake.

Leo Kunigunda amemwita tena. Baba mkwe wake ni mgonjwa, na joto limemtoa ndani, wanamlaza barazani.

“Shikamoo, fundi. Joto la Mbaha limetupandia huku. Hivi vidirisha havipanuliki?”

“Marahaba, mwanangu. Matofali ni mabichi. Nikigusa hapo, ukuta wote unashuka.” Akaupapasa ukuta. “Na nyumba zote za milimani nimezijenga hivihivi, mpaka kule Mpepai.”

Mkono wake ukaingia mfukoni kwa mazoea, ukatoa mshumaa. Akafunga kila kitu, akauwasha. Jasho likamtiririka hadi kidevuni, na mwali ukasimama wima kama msumari. Kunigunda alimngoja acheke. Fundi alishusha pumzi tu. Mwali ukatikisika mara moja, kisha ukasimama tena.