Mstari Niliokuwa Nikiumeza

Alipofariki mwimbaji wa bendi ya roki tuliyoipenda tangu chuo kikuu, sisi mashabiki wake wachache wa Mombasa tuliamua kumkumbuka kwa kuzipiga nyimbo zake, juu ya paa la nyumba ya mama yangu, Mji wa Kale. Mpiga gitaa alikuwa muuza leso wa mtaa wa Biashara. Mpiga ngoma, fundi wa mashine za boti wa Liwatoni. Mimi nilipewa kuimba, kwa kuwa sikujua kupiga chochote.

Nakiri kwamba niliogopa mstari mmoja tu. Katikati ya wimbo wao mashuhuri, ala zote hunyamaza, mwimbaji akabaki peke yake na kupanda juu kabisa kwa sauti moja ndefu. Nikiwa mwanafunzi nilijaribu kuuimba mbele ya wenzangu ukumbini. Sauti ilinikwama, nikashuka jukwaani nikijifanya nina kikohozi. Tangu hapo nimeuimba kimoyomoyo: jikoni, kazini, kwenye foleni ya benki. Nilitaka niuimbe kwa sauti, japo mara moja, mbele ya watu.

Siku chache kabla, nilikwenda kumwomba radhi jirani yetu, bibi mjane ambaye dirisha lake latazamana na paa letu.

"Bibi, Jumapili tutakuwa na muziki kidogo."

"Kidogo? Na huo wa wiki nzima ulikuwa nini, mwanangu? Kupasua kuni?"

"Mazoezi, Bibi."

"Haya. Lakini muadhini akianza, munyamae."

Tulipanga kumaliza kabla ya Alasiri. Siku yenyewe, muuza leso alicheleweshwa na mama mmoja mwenye harusi, aliyefunguliwa leso za duka zima asipende hata moja. Wageni walikaa mikekani wakila viazi vya karai kutoka Makadara.

"Huyo yuwaja au ameolewa yeye?" fundi aliuliza.

Basi tulianza tumechelewa, na nyimbo za mwanzo zikaenda vizuri kuliko tulivyostahili. Tukaingia kwenye wimbo ule. Ala zikanyamaza, nikavuta pumzi, na muadhini akaanza.

Nikakishusha kipaza sauti. Fundi akalaza vijiti mapajani. Wanawake wakajitanda vizuri mitandio yao. Nakiri tena: nilifarijika. Waliotaka kusali walishuka, wakasali, wakapanda, wakanikuta tayari na wimbo mwingine, mwepesi.

"Ule tumeshaupiga," nilisema.

"Nusu," alijibu muuza leso. "Tuanzie wapi?"

"Mwanzo," akasema fundi.

Dirisha la jirani likafunguka.

"Mwanzo wa nini, na jua lenda? Mulikuwa mumefika pale pake yeye. Pale munyamaapo nyote, naye akameza maneno." Akanitazama. "Sijui wimbo wasema nini, lakini wiki nzima nangoja uyateme, mwanangu. Leo usimeze."

Wageni walicheka, wakanigeukia. Nikaimba nikimtazama bibi, kwa kuwa, kati ya wasikilizaji wote, ndiye pekee aliyekwisha kunisikia nikishindwa. Sauti ilipanda, ikakwaruza, ikapasuka kidogo kule juu. Sikukohoa. Fundi alichelewa kuingia na ngoma kwa kunikodolea macho.

"Ehee!" akasema bibi, na kulifunga dirisha, maana kelele zenyewe, aliniambia kesho yake, hazipendi kabisa.