Amri Niliyoiandika kwa Jina Lake

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilifundisha kompyuta mjini Kisii, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Duka na darasa vilikuwa vya familia moja ya Kihindi, na mama wa familia hiyo ndiye aliyetuajiri, mimi na mwanamke mwingine aliyeolewa kijiji cha Manga, nje ya mji. Mbele ya wanafunzi tuliitana mwalimu. Tukibaki wawili aliniita dada. Alinizidi kazini. Mwanafunzi akikwama alipita meza yangu akaenda kwake, na nilijua kwamba siku mama akitafuta mwalimu mkuu hatanifikiria mimi.

Mume wa mwenzangu alikuwa Amerika akisoma, mwaka wa nne sasa. Walizungumza kwenye chumba cha gumzo cha Wakenya wa ng'ambo: skrini nyeusi, maandishi matupu, kila mstari ukitanguliwa na jina la aliyeuandika. Mama alituruhusu nusu saa tu kila alasiri, maana kuingia mtandaoni kulitaka simu ipigwe hadi Nairobi, na gharama ilikuwa kubwa. Kwa mume ilikuwa asubuhi, kabla hajaingia darasani.

Mwenzangu ndiye aliyenifundisha amri ile. Ukiwa ndani ya gumzo, alinieleza, huhitaji kutoka ili kuiagiza kompyuta kazi. Unaanza mstari kwa mkwaju, ile alama ya kistari kilicholala upande, unaandika exec, kisha amri unayotaka, na jibu linatokea hapo hapo, unaliona peke yako. Ukiongeza kistari na herufi o, jibu linakwenda chumbani kana kwamba umelisema wewe. Alijaribu kwa amri ya tarehe. Saa ya Kisii ikatokea mbele ya wote, na mtu mmoja wa huko mbali akaandika kwamba amekumbuka nyumbani. Tulicheka.

"Uangalie hiyo o," akaniambia. "Ikishatoka hairudi."

Alasiri moja mvua ilikuwa inanyesha, na mama akamwita mwenzangu chini amsaidie kuhamisha majora ya vitambaa, kwa sababu paa la stoo ya nyuma lilikuwa linavuja. Aliacha gumzo wazi. Mume wake alikuwa chumbani na wenzake kama kumi. Nikaenda nikaketi kwenye kiti chake.

Nilijua kuna faili aliyoipa jina barua. Mambo asiyoweza kuyasema gumzoni aliyaandika humo kidogo kidogo, ayachapishe na kuyatuma kwa posta. Nilikuwa nimeshaisoma mara mbili. Aliandika Kiswahili cha shule, safi, maana walichumbiana kwa barua wakiwa shule za bweni. Alimweleza mumewe kwamba mama mkwe anamwita tasa mbele ya wachuma chai, na kwamba ameanza kumtafutia mwanawe mke mwingine. Halafu akaandika: "Daktari alisema shida ni yako, nami nilikuahidi sitamwambia mtu. Nimenyamaza miaka sita. Mwambie mama yako naye anyamaze."

Hakuwa amenikosea siku hiyo. Hata juzi yake hakuwa amenikosea. Niliandika mkwaju, exec, kistari na o, kisha cat, amri ya kuonyesha yote yaliyomo kwenye faili, na mwisho barua. Nikaisoma amri mara moja kuhakikisha herufi, nikabonyeza.

Mistari ikamiminika chumbani, kila mmoja ukiwa na jina lake mbele. Ilipozidi, mashine iliyoendesha gumzo ikamfukuza chumbani kwa kumwaga maneno mengi mno, lakini mstari wa daktari ulikuwa umeshapita. Nikarudi mezani kwangu, nikaendelea kusahihisha mitihani.

Alipopanda alikuwa anajifuta maji mikononi. Akaona ametolewa, akajiunga tena. Watu walikuwa wakicheka. Mmoja alikuwa anamwuliza mumewe kama Amerika nzima imekosa dawa yake. Mume aliandika neno moja, "Umenimaliza," akatoka.

Alisoma skrini kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia.

"Dada, uliniona nikiandika kitu kabla sijashuka?"

"Nilikuona," nikasema. "Ulikuwa na haraka. Ulibonyeza, ukainuka."

Akaniamini. Nilimletea chai, nikamkumbatia, naye akanilowesha bega kwa machozi. Alimwandikia mumewe barua tatu za kuomba radhi kwa uzembe wake. Hakujibiwa. Aliyeandikiwa na mume ni mama mkwe, na juma barua ilipofika godoro la mwenzangu na sufuria zake vikawekwa nje, njiani. Akarudi kwa wazazi wake karibu na Birongo.

Kazini akaanza kuiogopa kibodi. Kabla ya kubonyeza alisoma mstari mara nne, akiufuata kwa kidole, wanafunzi wakimwangalia. Walimcheka, nami sikuwakataza. Mama alipoona hivyo akanipa mimi uwalimu mkuu. Mwenzangu alinipongeza, akafundisha wiki mbili nyingine, akaacha kazi.

Nilikutana naye mara moja baadaye, Nyanchwa, siku ya Sabato, watu wakitoka kanisani. Alikuwa amekonda. Aliniita dada kama zamani. Akaniambia kwamba mume ameoa huko Amerika, na kwamba bado anamwomba Mungu amsamehe kosa la mkono wake. Akaniomba nami nimwombee.

Nilimwambia nitamwombea. Kisha nikamwuliza kama ndizi za kwao zimezaa vizuri.