Mikono ya Baba na Managu ya Kuresoi

Mwanangu, nikirudisha mawazo mwaka 2008, siku moja huja mbele ya zingine zote. Watu wengi hukumbuka vurugu. Mimi hukumbuka Jumapili ya kawaida, mezani kwangu hapa Nakuru, baba yangu akijaribu kuokota kipande cha chipsi na vidole vikikataa kukunjika. Alijaribu mara tatu. Kisha akaweka mikono mapajani, akatabasamu na kusema ameshiba.

Nami nikamwamini. Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na ubishi wa watu sitini. Nilikuwa mpishi katika hoteli ndogo ya chipsi mjini, na kwa kweli nilijua kukaanga kila kitu isipokuwa maji.

Baba alikuja kwangu Januari ile, akiwa ameliacha shamba lake la viazi kule Kuresoi, kama wengi waliokimbia vurugu za baada ya uchaguzi. Alifika na koti alilovaa na redio kwapani. Niliapa moyoni kwamba kwangu hatakula kama mtu wa kambi ya wakimbizi. Kila jioni nikamletea vile nilivyovitamani mimi utotoni: chipsi, soseji, mkate mweupe uliopakwa siagi hadi ukateleza, na soda juu yake. Mboga za kienyeji sikupika. Machoni pangu managu na terere vilikuwa chakula cha waliokosa, na babangu alikuwa amekosa vya kutosha.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Baba angefurahi sana kupewa jembe. Lakini mvua za Aprili ziliponyesha, mikono yake haikuweza kulishika. Alikuwa amekuja na maumivu ya hapa na pale, kama mzee yeyote. Kwangu vidole vikavimba, magoti yakawa ya moto, na kila asubuhi akawa anakaa kitandani muda mrefu kabla ya kusimama. Neno lake lilikuwa moja: "Nitarudi shamba hii mikono ikinikubalia." Alichoogopa, mwanangu, ni kwamba njia ya kurudi itafunguka naye hana mikono ya kulima.

Nikampeleka hospitali. Daktari, kijana mpole, akanieleza kwamba kuna uvimbe wa kupita na kuna uvimbe wa kukaa. Ukijigonga kidole, kinavimba leo, wiki ijayo umesahau. Lakini huu mwingine hukaa ndani ya mwili wa mzee miezi na miaka, ukiumiza viungo na hata mishipa polepole. Akaandika dawa, kisha akauliza mzee anakula nini. Nikamtajia kwa fahari, kimoja kimoja.

"Madam, punguza hizo vitu," akasema. "Soda, soseji, chipsi ya mafuta imerudiwa. Mpe mboga ya majani, maharagwe, samaki, matunda. Chakula haiwezi maliza huu ugonjwa peke yake, lakini hiyo yako inauchochea."

Nilitoka nimenuna. Nikajiambia huyu kijana anataka nimnyime babangu kile kidogo kilichobaki. Dawa nilichukua, ushauri nikauacha pale pale kwenye benchi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ubaya wa hapa ni kwamba guu lilikuwa la mtu mwingine.

Mwezi wa nane tukapata mgeni. Aliitwa Mama Chebet, ajuza mwembamba aliyepakana na baba kule Kuresoi zaidi ya miaka thelathini, ua mmoja katikati yao. Siku zile watu wa kabila lake na wa kabila letu hata salamu tulipeana kwa kupimana. Yeye akashuka hadi Nakuru peke yake, gunia dogo mgongoni, akauliza njia mpaka akafika. Ndani ya gunia mlikuwa na managu.

"Zimejimea kwa shamba yako," akamwambia baba. "Hakuna mtu amelima, sasa zimejaa kila mahali. Nikasema siwezi wacha zizeeke na mwenyewe yuko."

Baba aliingiza uso ndani ya gunia akanusa, na hakuinua kichwa haraka. Nilisimama mlangoni na sahani yangu ya soseji, nikaona mabega yake yanatetemeka. Miezi saba alikuwa ameishi kwangu na sikuwa nimemwona akilia. Niliona haya, nikaenda kupika chai, nikawaacha wakiongea.

Baadaye Mama Chebet akanifuata jikoni. Hakupandisha sauti.

"Huyu mzee anaumia, na wewe unamkaangia?"

"Hajawahi kataa chakula yangu, mama."

"Atakataa aje? Yeye hukuita nani?"

Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa babake, na tangu nikiwa mchanga baba hakuwahi kutamka jina langu. Aliniita Mama.

"Nimemuuliza mbona hasemi," akaendelea. "Ameniambia, 'Shamba imeenda. Nikikataa chakula ya mama yangu, nitabaki na nani?'"

Nililia pale pale, kijiko mkononi. Kikulacho ki nguoni mwako, na kwa baba, kile kikulacho kilikuwa mimi. Tukachambua managu pamoja, tukayachemsha, tukayatia maziwa. Baba alikula na ugali wa wimbi. Tonge lilimponyoka, akaliokota akala, na safari hii hakusema ameshiba.

Kuanzia hapo nilijifunza upya kupika. Mboga kila siku, maharagwe, dagaa wa omena, viazi vitamu, parachichi, chai ya tangawizi yenye sukari ya kuonja tu. Nyama hakunyimwa, ila ilichemshwa. Dawa hakuacha. Haba na haba hujaza kibaba. Kuna wiki sikuona tofauti yoyote. Halafu asubuhi moja ya Desemba akatoka chumbani amejifunga vifungo vya shati mwenyewe, kimoja kikiwa katika tundu lisilo lake. Sikukirekebisha.

Alirudi Kuresoi mwaka uliofuata, hali ilipotulia, akapanda mistari minne ya viazi, akaishi huko miaka kadhaa hadi Mungu akamchukua. Ninamkumbuka sana, mwanangu. Natamani hasa ile miezi saba, niirudie na sufuria nyingine. Na hakuna tena anayeniita Mama kwa sauti ile.

Basi shika haya. Mapenzi hayapimwi kwa mafuta wala kwa sukari. Mzee wako mpe majani, nafaka, samaki na matunda, soda na vya kukaanga viwe nadra, na daktari umsikilize hata akiwa mdogo kwako. Na kabla hujapika, muulize anatamani nini. Akikujibu kwamba chochote ni sawa, muulize tena, kwa maana jibu lake hasa liko kwenye swali la pili.

Mungu akujalie wazee wakae nawe siku nyingi, na wasione haya kukuomba.