Siku Kumi na Sita Angani

Mwalimu Lois alirudi darasani Chiungutwa Januari 2003, miezi miwili baada ya kumzika mumewe Edmund. Soko la korosho lilipofunguliwa kwa watu binafsi, Edmund alikuwa ameacha ukarani wa ushirika akawa anasafiri na malori ya wanunuzi, amekaa juu ya magunia. Lori lilipinduka akiwa anarudi, nyumba za kwanza za kijiji zikionekana. Lois hakulia msibani. Watu walisema atalia baadaye.

Muhula ulianza na mada ya anga. Redioni walitangaza kwamba watu saba wameruka na chombo kiitwacho Columbia, watakaa huko siku kumi na sita. Lois akafundisha hayo. Wanaanga wanalala ndani ya mifuko iliyofungwa ukutani, la sivyo wataelea. Maji yakimwagika hayadondoki, yanajikunja kama gololi na kuzunguka hewani. Mifupa inapungua nguvu, kwa hiyo kila siku hufanya mazoezi wakiwa wamejifunga mikanda. Darasa lilicheka aliposema choo chao kinavuta kwa upepo. Yeye hakucheka.

"Mwalimu, hatari kubwa ni ipi?" aliuliza Shakila, wa dawati la mbele.

"Kuondoka na kurudi."

Jumamosi ya kurudi kwa wanaanga, Lois alikuwa anatoka kusaga, ndoo ya unga kichwani. Shemeji yake Zabroni alikuwa na banda la video lenye dishi. Akamwita kutoka mlangoni.

"Shemeji, hebu njoo uone. Si wale wanaanga wa wanafunzi wako?"

Ndani, wanaume walikuwa wanasubiri mpira. Kwenye televisheni mistari myeupe ilikuwa inakatika vipandevipande angani.

"Ndio wale," alisema Lois.

"Zabroni, weka mpira bwana!" mtu akapiga kelele.

Zabroni akabadilisha. Lois akaenda nyumbani, akasonga ugali, akala.

Jumatatu aliwaambia wanafunzi kwamba chombo kilisambaratika na wote saba wamekufa.

"Walikuwa wamebakiza muda gani kutua?" Shakila aliuliza.

"Dakika kumi na sita."

Shakila akaanza kulia. Lois alisimama na chaki mkononi. Alijua mwalimu anapaswa kumshika mtoto bega, basi akamshika. Alihisi kitambaa cha sare, na joto la mtoto, basi. Akangoja mpaka kilio kiishe, akawaambia wafungue madaftari.

Mwalimu mkuu, Husseni, alisimama dirishani wakati wa mapumziko.

"Mwalimu Lois, kama unataka kupumzika wiki hii, sema. Nitashika kipindi chako."

"Nikapumzike wapi, Mwalimu?"

Husseni akarudi ofisini.

Jumatano Lois aliwapa wanafunzi jaribio la mada ya anga, akasahihisha yote jioni ileile. Alhamisi walianza mada ya minyoo.