Sekunde Thelathini za Sauti ya Mama

Kompyuta yetu ya kwanza ilifika nyumbani kwetu Bigwa ikiwa imefungwa kwenye blanketi. Mume wangu, aliyekuwa akifundisha chuoni, aliinunua Dar es Salaam kwenye duka la vitu vilivyotumika, miaka ile biashara ilipofunguliwa na vitu vilivyokuwa vikihitaji kibali vikaanza kuuzwa kando ya barabara. Tuliiweka sebuleni karibu na simu, maana intaneti ilipita kwenye waya wa simu. Mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari. Nilijifunza kuitumia kwanza kwa woga, baadaye kwa ubishi.

Siku moja, nikitafuta ramani za milima yetu kwa ajili ya somo la jiografia, nikaangukia ukurasa wa maktaba moja ya ng'ambo iliyohifadhi muziki wa zamani. Kulikuwa na orodha ndefu, na kila wimbo ulikuwa na kionjo cha sekunde thelathini. Katikati ya orodha nikaona jina la kijiji cha mama yangu, milimani juu ya Mkuyuni, na mbele yake: wasichana wa misheni, wimbo wa harusi.

Habari za siku wimbo huo uliporekodiwa nilizijua tangu utotoni. Mgeni alipanda mlima na mashine yenye magurudumu mawili ya utepe, akawakusanya wasichana mbele ya kanisa. Mama ndiye aliyekuwa mwimbishaji. Lakini, kwa maelezo yake, rafiki yake mkubwa alimpokonya wimbo mbele ya watu wote. "Alinivua nguo hadharani," mama alizoea kusema. Mwaka uleule rafiki huyo akaolewa Dakawa, nao hawakuagana.

Nikabonyeza. Mashine ikaniambia kwa Kiingereza kwamba haina programu ya kupiga muziki ule. Nikaanza kuishusha programu hiyo kutoka mtandaoni. Ilichukua alasiri nzima, na ilipokaribia kuisha laini ikakatika, kazi yote ikapotea. Kesho yake ikawa hivyohivyo. Siku ya tatu nilimkataza kila mtu kugusa simu, na programu ikaingia.

Nikabonyeza tena. Kimstari kikatembea kwenye kioo toka kushoto hadi kulia, kimya kabisa.

"Labda siku hiyo hawakuimba," mume wangu akasema.

Sikucheka. Nilikagua kitufe cha sauti, nikazima na kuwasha, nikasoma kijitabu cha mashine ukurasa kwa ukurasa. Mwishowe niliingia chini ya meza na tochi, nikakuta nyuma ya kompyuta kuna matundu matatu yanayofanana, na waya wa spika tumeuchomeka kwenye tundu la maikrofoni. Nilipouhamisha, spika zilitoa mlio uliomfukuza kuku aliyekuwa mlangoni.

Sasa sauti ilikuja, ila vipande vipande: neno, kimya, nusu ya neno, kimya. Ukurasa ulikuwa na vitufe viwili, kimoja cha wenye laini ya kasi, kingine cha wenye laini ya polepole. Kwa kiburi changu nilikuwa nikibonyeza cha kasi. Nilipokubali hali yetu na kubonyeza kile kingine, wimbo ulitiririka, mwembamba kama unatoka ndani ya debe, lakini mfululizo. Sikuweza kutambua sauti ya mtu yeyote. Nikaingoja Jumamosi, siku ambayo mama hushuka mjini.

Mama alishuka na gari la mboga, akiwa na kabichi na fungu la majani ya maboga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unanipokea kama una msiba?"

Nikamkalisha mbele ya kompyuta bila kumweleza kitu. Nikabonyeza.

Sauti ya msichana ilianza peke yake, ya juu, isiyo na hofu. Kwenye neno la nne ikapasuka. Kikafuata kikohozi, halafu kimya kifupi ambacho nilikuwa nimekidhania kasoro ya laini. Kisha sauti nyingine, nzito kidogo, ikaudaka wimbo palepale ulipoangukia, na wasichana wote wakaitikia. Basi, kionjo kikawa kimekwisha.

Mama aliitazama spika. "Rudisha," akasema. Nikarudisha. "Rudisha tena." Mara ya tatu alifunika mdomo kwa ncha ya kitenge.

"Anayekohoa ni mimi," alisema.

"Na huyo mwingine?"

"Ndiye yeye." "Hakunipokonya. Nilikwama, mwanangu. Nilikwama, na yeye akanibeba. Miaka yote hii nimemsingizia."

Nilimmiminia chai. Alipomaliza kikombe, aliniuliza magari ya Dakawa yanapatikana wapi.

Tulikwenda wiki iliyofuata. Tuliulizia parokiani, tukaelekezwa mashambani, tukamkuta amesimama juu ya tuta akiwinga ndege kwenye mpunga wake. Walitazamana. Walishikana mikono muda mrefu wakisalimiana kwa Kiluguru, wakiulizana habari za waliokufa na za walio hai. Kisha mama akaanza kuomba radhi kwa habari ya wimbo. Mwenzake alimsikiliza amekunja uso.

"Wimbo gani?" aliuliza. Hakukumbuka kabisa. "Mimi kilichoniuma ni kwamba hukuja kwenye harusi yangu. Nilisema, basi, kwa kuwa nimeolewa mbali, amenitupa."

Mama alilia waziwazi. "Na hilo nalo unisamehe."

"Nilishakusamehe kabla hujapanda tuta hili. Shika kombeo, ndege wanakula."

Baada ya mavuno alikuja Bigwa na mchele mpya. Niliwakalisha wote wawili kwenye benchi moja, nikabonyeza kitufe cha laini ya polepole. Aliposikia kikohozi, yule mama wa Dakawa alicheka hadi akashika meza. Halafu akaniomba nimsomee kilichoandikwa kuhusu wimbo.

"Harusi? Huu ni wimbo wa palizi! Nani kawadanganya?"

Nikawaandikia watu wa maktaba. Mama alisisitiza niongeze kwamba anayekohoa yuko hai na hataki kikohozi chake kiondolewe. Jibu lilikuja baada ya siku chache, la heshima na shukrani, na nilipoufungua ukurasa tena maelezo yalikuwa yamebadilishwa. Mume wangu alichapa nakala mbili kazini kwake, moja ya kupanda mlimani, moja ya kwenda Dakawa. Hakuna kati ya mama hao wawili aliyejua Kiingereza, lakini kila mmoja, kwa siku yake, aliniomba nimwonyeshe kwa kidole mahali palipoandikwa palizi.