Konzi Moja ya Asumini

Juzi nilikwenda kwenye nyumba za Buxton kumpa hongera rafiki yangu aliyejifungua, na katika kumwanikia nguo za mtoto, nyigu akanidunga kiganjani. Rafiki yangu akakimbilia ndani, akatoka na dawa ya kopo ya dukani, nyeupe, yenye harufu ya hospitali. Dawa nzuri, sikatai, na maumivu yalipoa. Lakini mkono wangu wa pili, wallahi, ulikuwa umeshaanza kupapasa kando yangu kama kwamba nyanya yangu yupo pale ameketi, na mimi natafuta kijaluba chake cha chokaa. Tena kwa kukisia kwangu nilikuwa nimesimama pale pale kilipokuwa kiunga chetu cha maua. Basi nikarudi nyumbani na maneno tele kifuani, na kwa kuwa huku kila mtu ana shughuli zake, nakuandikia wewe.

Miaka ile ya vita, nami bado mtoto wa chuo cha Kurani, hapakuwa na nyumba hizi. Ukitoka Mji wa Kale ukaliacha soko nyuma, nyumba zilikuwa zikipungua kidogo kidogo mpaka ukajikuta baina ya nyua za makuti na visima. Kiunga cha nyanya kilikuwa huko. Ardhi haikuwa yetu, ilikuwa ya mwenyewe, ila miti ndiyo iliyokuwa yetu: misumini safu kwa safu, mirehani, mkadi mmoja mwenye miba, na mti wa kilua ulioinama juu ya kisima. Nyanya alikuwa bingwa wa vikuba, yale mafungu madogo ya maua ambayo wanawake hujipachika kifuani au kwenye nywele. Hapakuwa na harusi Mji wa Kale ambayo maua yake hayakupita mikononi mwake.

Asumini, kama hujapata kuichuma, huchumwa alasiri. Wakati huo ua bado limefumba, limekuwa refu na jeupe, na ukilichuma hivyo litafumbuka lenyewe usiku, likiwa tayari kichwani mwa mtu. Ukichelewa, linafumbukia mtini na kazi yako imepotea. Kwa hiyo tulikuwa tukienda jua lingali kali, nyanya mbele na kikapu chake, mama mdogo katikati, mimi nyuma. Mama mdogo alikuwa mdogo wake mama yangu, binti wa mwisho wa nyanya, na mikono yake ilikuwa miepesi hata huoni akichuma, wasikia tu maua yakianguka kikapuni.

Na wadudu, je? Hao ndio walikuwa wenye kiunga. Juu ya kilua walikaa maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kujifanyia nyumba, na ukigusa tawi lao wanakushukia shingoni kama umemwagiwa birika. Chini ya majani ya misumini walining'inia nyigu. Mawe ya kisima yalikuwa na tandu, huyo hatukumtaja jina, nyanya akimwita "bwana mkubwa." Kila mmoja alikuwa na dawa yake. Maji moto dawa yake ilikuwa kuvua kanga upesi, mengine baadaye. Nyigu alipakwa chokaa ya tambuu, ile laini ya kupaka kwenye jani kabla ya popoo, na ilikuwa ikipoza mpaka unacheka. Nyuki alikuwa na adabu yake: kwanza unaukwangua mwiba kwa ukucha, ole wako uubane kwa vidole, kisha unasugua kitunguu. Nilirudi nyumbani nimepakwa madoa meupe hapa na pale kama yule ndege kanga, na wenzangu chuoni wakiniuliza leo umeng'atwa na nani, nami najibu kwa fahari kama askari wa bandari ya Kilindini.

Lakini juu ya dawa zote nyanya alikuwa na sharti moja. Mtu mwenye harufu haingii kwenye maua. Usipake mafuta ya nazi yenye langilangi, usifukize nguo udi, usijitie marashi. Kabla hatujatoka alikuwa akituinamia na kutunusa kichwani, mmoja mmoja, na ukinukia unarudishwa kuoga maji matupu. "Nyuki hana kosa," alikuwa akisema, "akikuona wanukia atadhani wewe ndiwe mti." Nikikumbuka nashangaa. Yule ambaye mji mzima ulinukia kwa kazi ya mikono yake, mwenyewe alikuwa akinukia maji ya kisima tu.

Basi mwaka huo mama mdogo akaposwa na kijana wa Unguja. Posa njema, watu wazuri, kila mtu alifurahi, na mimi nilifurahi mpaka nilipoambiwa kwamba Unguja huendewa kwa meli. Kisha akaingizwa ndani. Biarusi wa siku hizo hakuwa akionekana na jua. Alikabidhiwa kwa somo, yaani kungwi wake, mama mmoja mnene mwenye sauti ya adhana, naye akamfungia chumba cha nyuma, akamsugua singo asubuhi na jioni. Singo, yaani mawaridi na asumini na karafuu na liwa ya msandali, vyote vimesagwa pamoja kwa marashi. Nilikuwa nikilala kwenye kizingiti cha chumba kile, nimepitisha vidole chini ya mlango, na mama mdogo akivishika kutoka ndani. Harufu ilikuwa ikitoka kama kuna bustani nzima imefungiwa mle.

Siku moja kabla ya kutolewa nje, yaani siku ya kupambwa na kuketishwa mbele ya wanawake, maua mengi yalihitajika kuliko siku yoyote. Somo alikuwa amelala usingizi wa mchana. Mama yangu akasema atakuja kutusaidia kuchuma, nyanya akamnusa juu juu, mama akaingia ndani kuvaa buibui, na kwa pilikapilika zile na nyumba nzima kunukia singo hatukuangalia zaidi, tukatoka. Mama alitembea nyuma yangu kimya, amejifunika buibui mpaka usoni. Tulipofika kiungani na ua wa makuti umefungwa, buibui likavuliwa, na aliyekuwa ndani si mama. Alikuwa mama mdogo. Mama yangu alimwazima buibui, akabaki kulala chumbani mahali pake, amejifunika shuka gubigubi.

Nyanya alisimama na kikapu mkononi. Nilidhani atapiga kelele, hakupiga. Alimwambia kwa sauti ya chini arudi sasa hivi, kwani singo aliyopakwa ingewaita nyuki wa kisiwa kizima, na mama mkwe ameshashuka melini, na watu wakijua kwamba biarusi ametolewa juani mkesha wa harusi, aibu haitaoshwa.

Mama mdogo akamshika mkono. "Mama," akamwambia, "nichume konzi moja tu. Kesho kutwa nitakuwa mgeni wa watu."

Nyanya akatazama misumini, akatazama mlango wa ua, akatazama misumini tena. Ndipo yeye, mwenye sharti lake, akasogea kando.

Sijui niseme vipi jinsi mama mdogo alivyochuma siku ile. Hakuwa mwepesi kama kawaida. Alikuwa akilishika kila ua kama analiuliza kitu. Konzi ilikuwa karibu kujaa, nami nimemshikia upindo wa kanga, pale aliposema "ah" kidogo tu, kama mtu aliyekumbuka jambo, akajifunika jicho. Nyuki alikuwa amemdunga kwenye ukope.

Nyanya aliukwangua mwiba kwa ukucha. Tukamfunika buibui, tukarudi mbio. Kufika nyumbani jicho lilishafumba, limevimba kama andazi.

Somo alipoamka na kuona, hakufoka, alifanya vibaya zaidi: aliketi. "Ulinikabidhi biarusi mwenye macho mawili," akamwambia nyanya. "Mimi kesho niwaonyeshe nini watu wa Unguja?" Ndipo shida yenyewe ikaanza. Chokaa karibu na jicho itampofusha. Ndimu itamchoma. Kitunguu kingemfaa, ila somo akaapa kwamba hakumsugua mtu singo siku zote hizo ili aje anuke kama chungu cha pilau. Mama yangu akaleta maji ya mtungi, yale baridi ya chini kabisa, wakayachanganya na liwa, wakampaka na kumpaka. Jirani akaja na sahani ya kaimati zenye shira, ati amwonjeshe biarusi, na somo akaipokea sahani mlangoni akamrudisha jirani. Mama mdogo alilala, jicho zima likinitazama. Konzi yake ya asumini ilikuwa bado mkononi.

Kesho yake uvimbe ulipungua, haukwisha. Mbele ya mama mkwe, aliyekuja na ndugu zake wote kumtazama mkwe wao kwa mara ya kwanza, ungeonekana kama doa la wino kwenye kanzu. Nyanya hakula asubuhi ile. Aliketi mkekani akatunga mashada ya asumini mazito, marefu kuliko ya biarusi yeyote, akamning'inizia binti yake kutoka utosini mpaka mashavuni, pande zote mbili, kama pazia. Biarusi wetu huketi amefumba macho, na hilo lilikuwa msaada wa Mungu. Akaketishwa. Akapendeza kweli, uso mwembamba katikati ya weupe ule. Wanawake wakaingia, taarabu ikapigwa, na nyanya akasimama nyuma ya nguzo.

Mama mkwe alikuwa mwanamke mkavu, mrefu, mwenye hina mpaka vifundoni. Alikwenda moja kwa moja mbele ya biarusi, akainama kumtunza fedha, na kwa mkono wake akayafunua maua ya upande wa kulia. Mimi nilikuwa nimeketi miguuni, nikaona anaona. Alitazama kwa muda mrefu, ngoma zikilia nyuma yake.

Kisha akamnong'oneza, "Nyuki au nyigu, mwanangu?"

Mama mdogo hakufumbua macho. "Nyuki."

"Afadhali. Nyigu angekuvimbisha wiki nzima." Akayarudisha maua mahali pake, moja moja, kwa uangalifu wa mtu aliyepata kuchuma, akageuka kwa watu, akapiga kigelegele cha kwanza mwenyewe. Nyuma ya nguzo nyanya alikuwa analia, na watu wakasema ni kawaida ya mama wa biarusi.

Wakamchukua. Nilimsindikiza mpaka Kilindini nimeshika buibui lake, meli ikaondoka, na kwa siku nyingi nyumba yetu iliendelea kunukia kama ametoka sasa hivi. Tulibaki mimi na nyanya kwenda kiungani. Halafu nyanya naye akatangulia mbele ya haki, na mwenye ardhi akauza, na miti yetu, mizizi ikiwa kwenye ardhi ya mtu, ikakatwa siku moja.

Mwaka jana mama mdogo alikuja kutuona na wanawe. Macho yake yote mawili mazima, mazuri, na amenenepa kwa raha. Siku ya kuondoka akaniomba nimpeleke kiungani. Nilimwambia miti ilishakatwa, akasema anajua, nimpeleke tu. Tukasimama baina ya kamba za nguo za watu, watoto wakimvuta kanga. Alikaa akizungusha macho, nadhani alikuwa anakitafuta kisima.

"Nilidhani nitakuja kuchuma tena," akasema.

Njiani kuelekea bandarini tulimkuta mtu anauza vikuba, amevipanga kwenye sinia na kuvinyunyizia maji. Akanunua kimoja. Zilikuwa asumini za jana, mimi na yeye tulijua papo hapo, zilishaanza kuwa na rangi ya chai pembeni. Akakipachika kifuani hivyo hivyo, akainamisha kidevu.

"Zanukia," akasema.

Nami nikamwambia, zanukia.