Noti za Benki ya Plum Fork

Arvella Krebs ana mdomo mchafu na jicho kali, na vyote viwili vinamlisha. Meza yake iko ndani ya duka la mbegu hapo Plum Fork, Nebraska, na watu wanamletea noti za zamani, za enzi ambazo kila benki ya mji ilitoa noti zenye jina lake, awape bei. Yeye hatazami tarakimu kwanza. Anatazama mji. Juzi jamaa kaleta dola ishirini ya Chicago, kavimba kama chura.

"Mzee, hizi zimejaa kama nzi. Kamnunulie mbwa nyama."

Plum Fork ndiyo kitu! Kibenki chake kiliishi miaka sita kikafa, na noti iliyobaki duniani ilikuwa moja tu, dola tano, ya Arvella mwenyewe. Tajiri mmoja wa Omaha kakubali kutoa elfu tisa, anakuja Ijumaa. Arvella keshachagua meno mapya, maana haya ya sasa yanachomoka akicheka.

Jumatano akaingia jirani yake Orpha Teague, mjane wa wiki tatu, na kopo la biskuti.

"Shoga, nimezikuta ukutani, marehemu alizificha. Zina bei?"

Ndani, noti sita. Plum Fork zote. Arvella akazihesabu mara mbili; yake haikuwa ya pekee tena. Akashika moja: nyororo, nyeupe, inanuka sabuni.

"Orpha. Umezifanya nini?"

"Zilikuwa chafu kama soksi zake! Nimezifua, nikazipiga pasi. Na wanga kidogo."

"Wanga! Mwanamke, umefua maelfu ukayaanika kwenye kamba!"

Orpha akakaa chini puu. "Kwa hiyo hazifai?"

Hapo shetani akamnong'oneza Arvella. Sema hazifai. Mpe dola mia, zichome jikoni, Ijumaa uza yako. Nani atajua? Orpha alikuwa anamtazama kama mgonjwa anavyomtazama daktari.

"Pumbavu," Arvella akasema, na hakusema ni nani. Akafungua kompyuta, kwenye ile orodha ambamo wenye kazi hii huandikisha kila noti iliyobaki, na penye Plum Fork akafuta "moja", akaandika "saba". "Zimefuliwa, kwa hiyo mia nne kila moja. Usikubali chini ya hapo, hata nikikubembeleza mimi."

Kisha akampigia tajiri, akamwambia sasa ziko saba. Jamaa akacheka kwa pua, akashuka mpaka elfu moja na mia tano.

"Nimekuharibia, shoga?"

"Vibaya sana. Usiondoke, nataka nikutukane vizuri."

Orpha akavua koti, akasubiri.